Kontroli na D

Sishiki mausi nikifanya kazi kwenye lahajedwali. Wanafunzi wangu wanaliona jambo hili kama ukaidi wa uzee, nami siwabishii, maana ukaidi ninao wa kutosha kuwagawia. Nikitaka kufika mwisho wa safu nabonyeza Kontroli na mshale wa chini. Nikitaka kuikamata safu nzima, Kontroli na kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi. Tarehe ya leo, Kontroli na nukta-mkato. Kusahihisha neno bila kulifuta lote, F2. Wao bado wanazungusha mshale kioo kizima wakitafuta pa kubofya, mimi nimeshamaliza na nimeinuka kutazama kama chai imechemka.

Kilichonifundisha haya ni vumbi. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa karani mchapaji mjini Singida, kwenye shirika moja la mazao ambalo halipo tena na sina haja ya kulitaja. Mausi za wakati ule zilikuwa na mpira mdogo tumboni, na mshale ulikwenda kwa kadiri mpira ulivyozunguka. Anayeujua upepo wetu wa kiangazi hahitaji kuelezwa zaidi. Asubuhi nilikuwa nautoa ule mpira, naupuliza, naufuta kwa ncha ya kanga, naurudisha. Saa nne mshale umekwama katikati ya kioo kama punda aliyegoma. Basi nikachukua kifuniko cha kasha la karatasi, nikaandika kwa kalamu nene njia zote za vitufe nilizozijua, nikakibandika ukutani mbele yangu. Ndani ya mwezi mmoja sikukihitaji tena.

Lakini kabla ya vumbi kulikuwa na mtani wangu, na yeye ndiye hasa ninayetaka kumwandika.

Alikuwa mchapaji mkuu. Chumba cha taipu kilikuwa chake kwa zaidi ya miaka ishirini, na mimi niliingizwa humo kama kibarua, nikakaa mwaka mzima, ndipo nikapewa ajira ya majaribio. Yeye Mnyiramba wa Misigiri, mimi Mnyaturu wa Mtinko, makabila yanayotaniana tangu mababu, hilo lilitosha. Siku ya kwanza nilipomwamkia, "Shikamoo, mama," aliniuliza kwetu wapi. Nilipomwambia, akapiga meza kwa furaha.

"Marahaba, mtumwa wangu! Babu yangu alimnunua babu yako kwa kibuyu cha asali. Na alipunjwa, maana kibuyu kilikuwa kizima na babu yako alikuwa na jino bovu."

Tangu siku hiyo sikuwahi kumwita mama tena. Nilimwita mtani, naye aliniita mtumwa mbele ya wageni, mbele ya wakuu, mbele ya padri aliyekuja kuomba mchango. Nilipougua malaria, alikuja kwenye chumba nilichopanga Unyambwa akiwa na futi ya fundi seremala. Akanipima kuanzia utosini hadi kisiginoni mbele ya mama mwenye nyumba, akiandika vipimo vya jeneza kwenye kiganja chake, akilalamika kwamba mbao zimepanda bei na mimi ni mrefu bila sababu. Kisha akaingia jikoni akanipikia uji wa uwele, akanilisha kwa kijiko. Mama mwenye nyumba, mtu wa pwani, alishindwa kuelewa kama alikuwa akinipenda au akinichukia.

Alinifundisha kuchapa bila kutazama. Alitandika kanga juu ya mikono yangu na juu ya taipu, vidole vikawa gizani, akaniwekea rasimu pembeni. "Macho yako ni ya karatasi," alisema. "Vidole vina akili yao, viache." Nilikosea wiki tatu. Wiki ya nne niliinua kanga nikakuta barua nzima haina doa.

Na alinifundisha kusomeana. Hakuna karatasi iliyotoka katika chumba kile kabla ya watu wawili kuisoma. Mmoja alishika rasimu na kuisoma kwa sauti, pamoja na nukta na mikato yake, mwingine akafuata nakala kwa ncha ya penseli. Hata memo ya mistari miwili kuhusu funguo za choo tulisomeana. Wakati mwingine nilikuwa nikichoka na kumwambia, mtani, hii si hati ya nchi. Alikuwa anaanza tu kusoma.

Ulikuwa wakati wa soko huria. Wanunuzi binafsi walikwenda na malori yao hadi vijijini, wakanunua alizeti shambani kwa mkulima, na sisi tuliokuwa tumezoea kusubiri tuletewe tukabaki tunasubiri. Maghala yetu yalikuwa yamebaki na njiwa. Kutoka makao makuu Dodoma akaletwa meneja mpya, mtu wa mbali, hakumjua hata mmoja wetu, na pamoja naye ikaletwa kompyuta ikiwa imefunikwa plastiki. Tukaambiwa mchapaji mmoja ataenda Dodoma wiki mbili kujifunza kuitumia.

Kwa haki na kwa cheo, nafasi ile ilikuwa ya mtani wangu. Aliitwa kwa meneja. Nilikaa nikichapa huku masikio yakiwa mlangoni, na kwa kweli nilikuwa namwonea wivu. Aliporudi akaketi, akavuta kiti chake karibu na meza.

"Nimewaambia wampeleke mtumwa wangu," alisema. "Damu yako bado inachemka, itashika upesi. Ukirudi utanifundisha na mimi."

Nilikwenda. Nilirudi na daftari limejaa, na kichwa kimejaa zaidi. Kila alasiri, kazi zikipungua, alikuja kuketi kando yangu mbele ya ile kompyuta, miwani puani. Aliyeshika upesi alikuwa yeye. Vidole vilivyozoea kupiga vitufe bila kutazama havikuhitaji kuambiwa mara mbili. Kontroli na C, Kontroli na V, alizipata siku ya kwanza. Siku ya pili nilimwonyesha Kontroli na Z. Niliandika neno, nikalifuta, nikabonyeza, neno likarudi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Kwenye taipu kosa lilikuwa kazi: wino mweupe, kupuliza, kusubiri ukauke, na kama kulikuwa na nakala tatu chini ya kaboni, unasahihisha moja moja.

Akacheka. "Kwa hiyo huku mnakosea bila adabu."

Kitufe nilichokipenda mimi kuliko vyote kilikuwa Kontroli na D. Unaandika neno kwenye kisanduku kimoja, unashikilia Shifti, unashuka kwa mshale mpaka unapotaka, kisha Kontroli na D, na neno lile linajinakili chini visanduku vyote ulivyovikamata. Watu hamsini wa wilaya moja, neno moja, pigo moja. Nilikuwa nalifanya hilo mbele ya watu kama mwanasarakasi. Wahasibu walikuja mlangoni kutazama. Mtani alinitazama kwa miwani yake akasema haraka haraka haina baraka, nami nikamjibu kwamba hiyo ni methali ya watu wanaotumia wino mweupe. Akacheka. Naandika haya nikitamani angenizaba kofi.

Lisemwalo lipo, na lililokuwa likisemwa kwa miezi lilifika: watu watapunguzwa. Asubuhi moja meneja aliniita na ile kompyuta ikahamishiwa ofisini kwake. Alikuwa na karatasi nne za mkono wake mwenyewe, majina ya wafanyakazi wote wa Singida, idara kwa idara, na mbele ya kila jina ameandika herufi moja, B au O. B ni abaki, O ni aondoke. Alitaka orodha iwe kwenye kompyuta na iende Dodoma kwa basi la kesho yake, barua zitatolewa huko.

"Hii ni siri, binti," alisema. "Wewe bado uko kwenye majaribio. Ikivuja, au ikiwa na kosa, wa kwanza kuondoka utakuwa wewe. Itachukua muda gani?"

Mtu mwenye akili angesema mpaka jioni. Mimi nilisema, "Kabla ya chai, mzee."

Majina yalikuwemo tayari ndani ya kompyuta, niliyaingiza mwezi ule ule. Tena mtani wangu ndiye aliyenisomea. Nilihitaji tu kuongeza safu moja ya uamuzi. Meneja alikaa upande wa pili wa meza, na mimi nilitaka aone. Nilikuwa natazama karatasi, nachapa, na mara kwa mara nainua macho kumtazama yeye anavyonitazama.

Idara ya ghala ilikuwa na watu tisa, na wote tisa walikuwa na O. Niliandika "aondoke" kwa wa kwanza, nikashikilia Shifti, nikashuka. Nilitakiwa kushuka mara nane. Nilishuka mara tisa. Kontroli na D. Kisha nikapiga Kontroli na mshale wa chini, ambao unakurusha hadi kisanduku cha mwisho chenye maandishi, nikateremka mmoja, nikalitafuta kwenye karatasi jina la mstari huo, nikaendelea nalo na waliofuata, abaki, abaki. Kompyuta haikuwa na sababu ya kunikatalia. Kwenye orodha ile, chini ya idara ya ghala ilikuja masijala na taipu, na wa kwanza katika masijala na taipu alikuwa mchapaji mkuu.

Nilimaliza kabla ya chai kama nilivyoahidi. Meneja aliguna kwa mshangao, na ule mguno ulinifurahisha kuliko mshahara. Hatukusomeana. Ingekuwa dakika kumi: yeye asome herufi, mimi nifuate kwa penseli. Niliwaza jambo hilo, nakumbuka vizuri kwamba niliwaza, na nikaona aibu kumwomba meneja anisomee kama karani. Nikachapisha, nikatia disketi kwenye bahasha.

Siku ya tatu baada ya orodha kwenda, meneja aliniagiza nimtolee idadi ya wanaobaki kwa kila idara. Nilifungua kompyuta, iliyokuwa imesharudishwa mezani kwangu, nikahesabu. Taipu, mmoja. Nikahesabu tena. Tulikuwa wawili. Nikamtazama huyo mmoja aliyebaki, nikakuta ni mimi.

Karatasi za mkono za meneja zilikuwa bado kwenye droo yangu, alinipa nizichome na sikuwa nimezichoma. Nilizitoa. Mbele ya jina la mtani wangu palikuwa na B, kubwa, wazi, imepigiwa mstari chini. Nilibonyeza Kontroli na Z. Kilichofutika ni hesabu niliyokuwa nimeifanya dakika ile. Kosa la siku tatu nyuma halikuguswa.

Nieleze kwa uaminifu nilichowaza, kwa kuwa nimekaa nacho miaka yote hii. Kwanza niliwaza kwenda kwa meneja. Mlango wake ulikuwa hatua sita. Dodoma kulikuwa na simu, barua zilikuwa hazijatoka, lingerekebishwa siku ile ile. Pili nilikumbuka maneno yake juu ya majaribio. Tatu, na hili silipendi hata kuliandika, niliwaza kwamba shirika linalokufa halihitaji wachapaji wawili, na akibaki yeye, mwakani nitaondoka mimi. Sikulikaribisha wazo hilo. Lakini lilipokuja sikulifukuza.

Karatasi nilizichoma saa ile ile, nyuma ya jiko la mhudumu.

Nikaamua nimwambie yeye mwenyewe. Nilijiambia kwamba akijua ataenda kwa meneja kuuliza, meneja atasema mbona wewe nilikuacha, na kosa litajulikana ni la Dodoma au la mtu yeyote, na mimi sitatajwa. Nilijiona mwerevu sana. Saa nne tulikuwa chumba cha taipu tunakunywa chai na mihogo, mimi, yeye, karani wa masijala na mhudumu. Nikasema:

"Mtani, jina lako limo kwenye orodha ya wanaoondoka."

Yeye akaweka kikombe chini, akainua mikono juu.

"Jamani sikieni! Mtumwa ananifukuza! Haya, naondoka, nakwenda Misigiri kula kuku wangu. Lakini nakuuza kwanza. Karani, huyu nakupa kwa debe moja la mtama, meno yake yote yapo."

Karani wa masijala akasema debe ni jingi, atatoa nusu. Mhudumu alicheka mpaka chai ikampalia. Na mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Sisi watani tuna namna ya kuvua utani. Unamshika mwenzio mkono, unamwambia, "Mtani, tuweke utani kando," na hapo hata mlevi atakusikiliza. Kila mtu kwetu anaijua. Niliijua siku ile, na mkono wake ulikuwa mezani karibu na wangu. Sikuushika. Nilichukua kipande kingine cha muhogo. Na ajabu ni kwamba nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Nimemwambia, nilijisemea. Asiposikia ni juu yake. Kwa sentensi hiyo moja niliweza kulala usingizi kwa muda mrefu kuliko ninavyostahili.

Barua zilikuja wiki mbili baadaye, bahasha za kaki, kila moja na jina. Aliifungua yake amesimama. Aliisoma, akaikunja, akakaa mbele ya taipu yake bila kuweka karatasi. Barua haikutaja sababu, ilisema nafasi yake haihitajiki tena katika mfumo mpya. Ilisema pia kwamba mwenye malalamiko ayalete kwa maandishi ndani ya siku kumi.

Nilidhani atanigeukia kwa hasira. Alinigeukia na macho yamejaa maji, akanishika mkono.

"Kumbe hukuwa unatania," alisema. "Uliyaona huko kwenye mashine ukahatarisha kazi yako kuniambia. Na mimi nikakucheka mbele za watu. Nisamehe, mwanangu."

Hakuniita mtumwa. Ndiyo mara ya kwanza aliniita mwanangu, na nilitamani ardhi inimeze.

Nikasema, "Andika rufaa, mtani. Andika leo." Hilo nililisema, na nililisema kwa nguvu. Nilimwambia nitamchapia mwenyewe.

Aliitazama kompyuta mezani kwangu, kisha akaitazama taipu yake. "Niandike niseme nini? Kwamba vidole vyangu bado vina nguvu? Wameshaona mfumo mpya hauhitaji mikono kama yangu. Hawajakosea."

Hapo ndipo pa kusema. Wamekosea, mtani, tena si wao, ni mimi, ni kidole hiki hapa. Maneno yalikuwepo yote mdomoni, nikayameza moja moja. Siku kumi zilipita. Kila asubuhi nilihesabu zimebaki ngapi, na siku ya kumi na moja nilijikuta napumua, na nikajichukia kwa kupumua kule.

Meneja naye alinipa nafasi yangu. Alipita siku moja, mtani akiwa ameshaondoka, akaona kiti kitupu, akasimama. "Hata yule mama naye wamemwondoa? Nilidhani nilimwacha." Akasubiri kidogo, labda nilidhani tu kwamba alisubiri. Nikainamia kibodi. "Basi Dodoma wamebadilisha," alisema, akaenda zake.

Mtani alikuwa amekaa mpaka mwisho wa mwezi ule wa barua. Alisafisha taipu zote mbili kwa brashi ya meno, herufi moja moja, akazifunika. Alikuwa mjane, binti yake alikuwa bado sekondari. Alirudi Misigiri kulima vitunguu, mkono uliozoea riboni za taipu ukashika jembe akiwa na miaka hamsini na kitu. Mimi nilithibitishwa kazini miezi miwili baadaye. Shirika lenyewe lilifungwa miaka miwili baada ya hapo, sote tukaondoka. Mtu anaweza kusema angeondoka tu hata hivyo. Nimelisema sana hilo. Miaka miwili ilikuwa inatosha kwa binti yake kumaliza shule, na hakumaliza.

Mimi kompyuta ilinilisha. Nilizunguka ofisi hii na ile, Manyoni, Itigi, nikarudi mjini nikafungua chumba changu cha kufundishia. Kila kundi jipya likifika kwenye Kontroli na D nawasimamisha. Nawaambia: kabla hamjabonyeza, inueni macho, someni jina la mwisho mlilolikamata, lisomeni kwa sauti. Wanaona nawachelewesha. Mmoja aliniuliza mbona kwa kitufe hiki tu unakuwa mkali, nikamwambia aendelee na kazi.

Miaka saba baada ya barua zile nilipanda basi kwenda Misigiri. Nilikuwa nimeamua. Nilirudia maneno njia nzima, kuanzia "mtani, tuweke utani kando," na sikuacha kitu, hata habari ya karatasi nilizozichoma. Nilikuwa sijui kwamba ndiyo mara ya mwisho kumwona. Mvua za mwaka ule zilipokatika nililetewa habari kwamba ameshazikwa.

Alikuwa uani anachambua vitunguu. Aliponiona alipiga kelele kijiji kizima kikasikia. "Mtumwa amerudi kwa bwana wake! Fungeni mlango asitoroke!" Nikasema shikamoo, akasema marahaba, akanishika mabega akanizungusha kunitazama. Kabla sijakaa vizuri jogoo alikuwa ameshakamatwa. Binti yake alikuwepo, ana mtoto mgongoni, na majirani watatu wanawake walikuja kusalimia mgeni.

Akanitambulisha. Aliweka utani kando kwanza, alisema hivyo hivyo, "Sasa hapa hakuna utani." Kisha akawaambia: "Ofisi nzima ilijua, hakuna aliyefungua mdomo. Huyu alikuwa mtoto mdogo, ajira yake ya majaribio, na ndiye peke yake aliyeniambia kweli. Mnapomwona hivi, huyu ni mtu." Majirani wakanitazama kwa heshima. Binti yake akainama kidogo, akanitengea paja la kuku.

Nilikula. Nilikula lile paja lote, na firigisi niliyopewa kwa heshima ya mgeni nayo nikaila. Niliwaza, si mbele ya majirani. Majirani wakaondoka. Niliwaza, si mbele ya binti. Binti akaenda kisimani.

Jioni jua halijazama alinisindikiza barabarani kusubiri basi. Tulikuwa wawili tu. Alikuwa amepungua, anatembea ameshika kiuno, lakini mdomo ulikuwa ule ule. Alinitania kuhusu viatu vyangu, kuhusu kitambi changu, akasema bei yangu imepanda, sasa siuzwi chini ya magunia matatu. Tulisimama kando ya barabara na vumbi la lori lililopita likatua taratibu.

"Hivi, mtani," aliuliza, "ile kompyuta, ningeimudu?"

"Ungeimudu," nikamwambia. "Ulikuwa unashika kuliko mimi."

"Na mimi nilijiona hivyo." Alifikiri kidogo. "Nimejiuliza miaka yote. Wewe ulikuwepo mle ndani, uliiona ile orodha. Kwa nini waliniona sifai?"

Alikuwa ananitazama usoni, akisubiri. Basi lilikuwa limeshaonekana kwa mbali, bado dogo.

"Sijui, mtani," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Akavitazama vidole vyake, akavipangusa kwenye kanga, kisha akanyoosha mkono kunisimamishia basi.